Waliorudi Chetambe: Historia ya Dini ya Msambwa

Mwezi Septemba 1947, maelfu ya watu walipanda kilima cha Chetambe, juu ya mji ambao serikali ya wakati huo iliuita Broderick Falls na ambao sisi tunauita Webuye. Walikuja kuwakumbuka wenzao waliouawa pale miaka 52 iliyotangulia, wakachinja kondoo kama inavyopasa kwa wafu ambao hawakupata maziko ya heshima. Aliyewaongoza alikuwa Elijah Masinde, mtu wa Maeni karibu na Kimilili, ambaye miezi michache kabla ya hapo alikuwa bado amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi.

Mwaka 2027 tukio hilo litatimiza miaka 80. Kanisa huadhimisha siku jiwe lake la msingi lilipowekwa, na shule huadhimisha siku kengele yake ilipolia mara ya kwanza. Dini ya Msambwa, aliyoiongoza Masinde, ina siku ile ya matanga. Wengi wameiandika historia yake kama habari ya ghasia: moto katika mashamba ya wazungu, risasi Malakisi, kizuizini Lamu. Hayo yote yalitokea na nitayaeleza. Lakini ukiyaanzia hayo utaielewa vibaya taasisi hii, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote iliyoyatenda ni kuwarudia watu wake waliokufa.

Imani yenyewe ina umri mkubwa kuliko jina lake. Wabukusu, watu wa Masinde, walimjua Wele Khakaba, Mungu mwenye kuumba na kugawa, na wakasema kwamba watu wa kwanza walikuwa Mwambu na mkewe Sela. Chini ya Wele kuna misambwa, yaani roho za wazee waliotangulia pamoja na nguvu zinazokaa mlimani, mtoni, pangoni na katika miti fulani ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeikata. Mzee mwenye mji wake alijenga namwima, kijumba kidogo mbele ya nyumba, akaweka humo nyama ya dhabihu na busaa, akawaita waliomtangulia kwa majina. Hapakuwa na padri wala mshahara wa padri. Na nyuma ya vijumba vyote hivyo ulisimama mlima Masaba, ambao ramani zinauita Elgon, ukionekana asubuhi kutoka karibu kila ua wa Bungoma na Trans Nzoia kabla mawingu hayajaufunika.

Nimesoma kuhusu mahekalu ya Shinto ya Japani, na kila nisomapo nauona mlima wetu. Mgeni anayezuru hekalu la Shinto hupita chini ya lango liitwalo torii, hunawa mikono na kusukutua kinywa, husogea mbele, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena. Yule anayeabudiwa humo huitwa kami, naye anaweza kuwa roho ya babu, ya mto, ya mti au ya mwamba. Katika mkoa wa Nara kuna hekalu la kale sana, Omiwa, ambalo halina kabisa jumba la ndani la kumhifadhi kami, kwa kuwa mlima Miwa ulio nyuma yake ndio maskani yake. Mzee wa Kibukusu anayesali ameuelekea Masaba angemwelewa mzee wa Nara bila mkalimani.

Walipotofautiana ni katika mkono wa serikali, na hapa historia mbili hizi zinapishana kwa namna inayoniumiza. Kuanzia mwaka 1868 serikali ya Japani iliifanya Shinto kuwa shughuli ya dola. Mwaka uliofuata ilianzisha Tokyo hekalu ambalo baadaye liliitwa Yasukuni, mahali pa kuandikiwa majina wote waliokufa vitani kwa ajili ya mfalme mkuu. Majina hayo leo yanakaribia milioni mbili na nusu. Dola iliutumia uchungu wa wafiwa kuchochea vita zaidi, na ndiyo maana Desemba 1945, Japani iliposhindwa, majeshi ya Marekani na washirika wake yaliiamuru serikali yake ijitenge na mahekalu. Mwezi huo huo Elijah Masinde alikuwa Mathari. Kule watawala waliikumbatia dini ya mababu mno mpaka ikabidi wabanduliwe kwayo. Huku watawala waliona kwamba Mwafrika anayehubiri dini ya mababu hadharani lazima awe na kichaa.

Nirudi Chetambe. Mwaka 1895 palikuwa na boma, mojawapo ya zile chingoba, vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Lilikuwa la Chetambe, mzee wa Kitachoni, na ndani yake walikimbilia Wabukusu na Watachoni baada ya boma lingine, Lumboka, kuanguka. Ugomvi ulianza kwa bunduki. Askari wa Kisudani waliotoroka utumishi wa Waingereza walikuwa wamewauzia Wabukusu silaha zao. C. W. Hobley, afisa wa Kiingereza aliyekaa kwa Mumia, mfalme wa Wanga, alitaka zirudishwe, na kikosi kilichotumwa kuzidai kiliuawa. Waingereza wakakusanya jeshi la Wasudani, Waganda, Wamaasai na watu wa Wanga, Hobley akiwa pamoja na William Grant aliyetoka upande wa Uganda. Walikuwa na mzinga wa Hotchkiss na bunduki ya Maxim. Ukuta wa udongo uliojengwa kuzuia mikuki na mishale haukuweza kitu mbele ya silaha hizo. Waliosalimika walitawanyika au wakatekwa, na mifugo ikachukuliwa.

Fikiria maana ya hilo kwa watu wenye mila ya Kibukusu. Kwao kifo kina taratibu ndefu. Marehemu hulazwa kaburini kwa namna yake, wafiwa hunyolewa, na akiwa mzee wa heshima huitwa mswala kumuse, mtu wa ukoo maalumu, ambaye baada ya mazishi hutembea katikati ya umati ulioketi huku ameshika fimbo, akisimulia kabila lilikotoka, kuonya na kuwafariji walio hai. Chetambe hapakuwa na hata moja la haya. Walionusurika walikuwa mbali, waliokufa waliachwa handakini, na kisha nchi ikaingia mikononi mwa washindi. Machifu wa kwanza wakubwa waliowatawala Wabukusu hawakuwa hata wa kwao: Murunga, ndugu wa Mumia, aliwekwa Kimilili. Hakuna chifu wa serikali ambaye angeitisha baraza la kuwalilia waliouawa na serikali hiyohiyo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 50 matanga ya Chetambe yalibaki yakidaiwa.

Masinde alizaliwa ndani ya deni hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1910 hivi. Alisoma kidogo katika shule ya misheni ya Friends African Mission, Waquaker waliotoka Marekani na kufungua makao yao Kaimosi mwaka 1902, na akawa mkristo wao. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage mwaka 1930. Alifanya kazi katika mahakama ya wenyeji ya Kimilili, akipeleka hati za wito kwa washitakiwa, kazi iliyomfundisha vizuri jinsi sheria ya mkoloni ilivyomwangukia mtu wa kawaida. Alipooa mke wa pili misheni ilimtenga. Wapo wanaosema Dini ya Msambwa ilizaliwa kwa hasira ya mtu aliyekatazwa mke. Naona maelezo hayo ni mafupi mno. Wanaume wengi walitengwa na misheni kwa sababu ya wake na hawakuwavuta maelfu kupanda kilima.

Kilichowavuta watu ni mambo waliyoyaona kwa macho yao wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vijana walishikwa kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Maafisa wa kilimo waliamrisha watu wang'oe magugu fulani yaliyoingia nchini kutoka ng'ambo, na asiyeng'oa alishitakiwa. Masinde alikataa hadharani. Alisema wazungu warudi kwao, Waafrika wajitawale, na watu wamwabudu Wele kama baba zao walivyomwabudu. Kufikia mwaka 1943 au 1944 jina Dini ya Msambwa lilikuwa tayari mdomoni mwa watu. Serikali ilimfunga, kisha mwaka 1945 ikampeleka Mathari. Alipoachiliwa mwaka 1947 alikuta wafuasi wameongezeka.

Ibada yao haikuwa kurudi nyuma tu, na hili wanaoidharau dini hii hawalizingatii. Waliijua Biblia vizuri sana. Waliuita mlima Masaba Sayuni. Walivaa kanzu nyeupe na vilemba, wakawataja katika sala zao Mwambu na Sela sambamba na manabii wa Agano la Kale. Waliona kwamba kama Waisraeli walikuwa na Mungu wa Abrahamu, Isaka na Yakobo, yaani Mungu wa babu zao, basi Mbukusu naye alikuwa na haki ya kumwita Mungu kwa majina ya babu zake. Sijawahi kusikia jibu la kutosha kutoka kwa mmisionari yeyote wa enzi ile.

Baada ya Chetambe mambo yalikwenda kasi. Mapema Februari 1948 wafuasi waliandamana hadi misheni ya Kikatoliki wakitaka wazungu waondoke. Tarehe 10 mwezi huo, Malakisi, polisi waliufyatulia umati risasi na watu 11 wakauawa. Siku chache baadaye serikali ilitangaza Dini ya Msambwa kuwa chama haramu, miaka miwili kabla ya kufanya vivyo hivyo kwa Mau Mau. Masinde alikamatwa mwezi huo huo, akapelekwa Lamu pamoja na viongozi wenzake, Joash Walumoli na Benjamin Wekuke. Mtu wa Masaba, aliyezoea kuamka na kuuona mlima, alipewa bahari.

Tusiwasahau watu wa Kitale katika habari hii, kwa sababu huko ndiko dini ilikotoka kuwa jambo la Kimilili ikawa jambo la nchi. Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Wabukusu waliingia humo kwa wingi kama maskwota: walipewa kipande cha kulima na kulisha ng'ombe, nao wakatoa siku zao za kazi. Baada ya Vita vya Pili walowezi walipunguza mifugo ya maskwota na kukaza masharti. Skwota aliyepoteza ng'ombe alipoteza mahari ya wanawe na dhabihu ya wazee wake kwa pamoja. Akisikia kwamba kuna watu wanaosali kwa Wele na kusema nchi ni yao, haikuhitaji mhubiri amshawishi siku tatu. Ndipo zikaanza kuungua ghala na nyumba za mashambani. Nyingine zilichomwa na waumini na nyingine na watu wenye chuki zao binafsi. Polisi walizihesabia zote Dini ya Msambwa.

Kutoka mashamba hayo imani ilivuka kwa Wapokot. Lukas Pkech, kijana wa Kipokot aliyejiunga na dini hii, alifungwa kwa ajili yake, akatoroka jela ya Kakamega mwaka 1949 na kwenda kuhubiri kwao. Tarehe 24 Aprili 1950, Kolloa katika Baringo, wafuasi wake walikutana na kikosi cha serikali. Wapokot 29 walikufa, Pkech akiwa mmoja wao. Upande wa serikali walikufa wazungu watatu na askari mmoja Mwafrika. Adhabu ya pamoja iliyofuata, ya mifugo na kazi, iliwakumba Wapokot wengi ambao hawakuwahi hata kumwona Pkech. Kolloa inastahili historia yake yenyewe, iandikwe na Wapokot wenyewe.

Masinde alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa inakaribia uhuru. Mwaka 1964 dini iliandikishwa kisheria. Ungetarajia hadithi iishe hapo kwa shangwe. Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku tena, na Masinde akaingia na kutoka jela chini ya Waafrika wenzake kama alivyofanya chini ya wakoloni. Alikuwa mtu mgumu. Aliikosoa serikali ya Kenyatta kwa maneno makali na hakujua kunyamaza ili apewe nafasi. Hata hivyo, kumfungia mzee kwa sababu ya namna anavyosali mlimani ni urithi wa kikoloni ambao wakuu wetu waliuchukua mzima mzima bila kuukagua. Alifariki mwaka 1987, akazikwa kwao Maeni. Wanafunzi wengi siku hizi humchanganya na Masinde Muliro, mwanasiasa mashuhuri ambaye chuo kikuu cha Kakamega kimepewa jina lake. Hao ni watu wawili.

Kuna taasisi nyingine Kitale ambayo lazima niitaje kando ya hii. Mwaka 1926, mwaka ule wa reli, mwanajeshi mstaafu wa Kiingereza, Kanali Hugh Stoneham, alifungua makumbusho yake binafsi ya vipepeo, ndege, vitabu na vifaa vya kienyeji. Alipofariki mwaka 1966 aliyaachia taifa, na Desemba 1974 jengo jipya likafunguliwa mjini, makumbusho ya kwanza ya taifa kujengwa bara nje ya Nairobi. Nawaheshimu wanaoyatunza. Watoto wa shule hupelekwa humo kwa mabasi wakaone nyoka, mamba, msitu mdogo wa asili na nyumba za jadi, ikiwamo ya Wabukusu. Nilipoitembelea nyumba hiyo nilitazama kazi nzuri ya paa na ukuta, nikawaza kwamba katika mwaka ule wa 1974 mtu angeweza kulipa kiingilio aone jinsi Wabukusu walivyoishi, lakini Wabukusu wenyewe hawakuruhusiwa kukusanyika kwa jina la dini iliyozaliwa katika nyumba kama hizo. Dola yetu ilikubali vyombo vya mababu, ikaziogopa sala zao.

Wataalamu nao waliiweka katika rafu ya aina hiyohiyo. Audrey Wipper, katika kitabu chake Rural Rebels cha mwaka 1977, aliichunguza kwa bidii pamoja na dini ya Mumbo ya Wagusii, na sote tunaoandika juu yake tuna deni kwake. Lakini jina la kitabu linawatangaza waasi tangu jaladani. Muumini aliyefunga safari kwenda Chetambe kumchinjia kondoo baba yake hakuamka asubuhi ile akijiita mwasi.

Leo Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 32, na kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Utawaona wazee wachache wa kanzu nyeupe na vilemba katika mazishi ya Bungoma, wakisimama kando kwa utulivu wakati wachungaji wa makanisa mengi wanagombea kipaza sauti. Kumuse bado husemwa, nao hata Waquaker na Wakatoliki wazuri hukaa chini kuisikiliza, jambo ambalo babu zao wa misheni wangelikemea. Kwa maana hiyo Masinde ameshinda kwa sehemu, ijapokuwa wafuasi waliojiandikisha chini ya jina lake wamepungua.

Chetambe yenyewe unaifikia kwa bodaboda kutoka Webuye. Kutoka juu unaona barabara kuu, reli, na kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 2009, kilichoacha familia nyingi mikono mitupu. Handaki limejaa majani na udongo, na mgeni asiye na mwenyeji anaweza kupita kando yake akidhani ni mfereji wa shamba. Serikali imepatambua kuwa mahali pa kihistoria. Hilo ni jema, ila kinachokosekana pale ni majina.

Yasukuni ina majina na ilitumiwa vibaya. Mwaka 1978 majina ya viongozi 14 waliopatikana na hatia kubwa za vita yaliingizwa humo, na hadi leo China na Korea hulalamika kila waziri mkuu anapokwenda kuinama. Kwa hiyo sitaki serikali ya kaunti wala ya taifa itujengee hekalu la mashujaa lenye bendera na kiti cha mgeni wa heshima. Nataka daftari. Wabukusu na Watachoni huhesabu nasaba kwa jina la mtu na la baba yake kurudi vizazi vingi, na waliouawa mwaka 1895 hawako mbali: ni babu wa babu za watu wazima wa leo. Wapo wazee Lugulu, Misikhu na Kimilili, na Kiminini na Kitale ambako watoto wa maskwota walinunua ardhi baada ya uhuru, wanaoweza kukuambia ni nani katika ukoo wao hakurudi kutoka Chetambe, na alikuwa wa rika gani. Wanawake wazee wanajua zaidi, kwa sababu wao hukumbuka mjane alirithiwa na nani na watoto walilelewa wapi. Shule za sekondari za Webuye na Kitale zina vijana wenye simu za kurekodi sauti na likizo ya Agosti ya kutosha. Makumbusho ya Kitale yana kabati za kuhifadhia. Ukoo kwa ukoo, jina, baba yake, mji wake, kazi hiyo inaweza kumalizika kabla ya Septemba 2027, na siku hiyo yasomwe juu pale, kwa sauti, na mtu wa ukoo wenye haki ya kuswala kumuse.